Kuku wa Filamu na Maoni ya Watazamaji wa Bonde la Kilombero

Neno "maoni" limezaliwa na kitenzi "ona". Mswahili anapotaka kujua msimamo wa mwenzake juu ya jambo fulani, humuuliza, "Unaonaje?" Lugha yetu ilikwisha kuamua zamani kwamba kuona na kutoa hukumu ni tendo moja. Nalitanguliza jambo hili dogo la sarufi kwa sababu historia ya sinema katika nchi yetu, kama ilivyoandikwa kwa sehemu kubwa, imelikata tendo hilo vipande viwili. Watazamaji wetu waliulizwa mara nyingi wameona nini. Ni mara chache mno walizoulizwa wanaonaje.

Nimekuwa nikisikia, hata katika mazungumzo ya wasomi wenzangu, kwamba mtazamaji wa Kitanzania hana utamaduni wa kuhakiki filamu: anatazama, anacheka, anasahau. Ushahidi unaotolewa ni uchache wa majarida ya uhakiki na wingi wa ubishi wa vijiweni, ambao husemwa kuwa ni porojo. Hoja hiyo inachukulia kwamba pasipo na karatasi hapana fikra. Ninaipinga, na nitaipinga kwa kutumia mahali ninapopafahamu kuliko pengine popote, yaani Ifakara na bonde la Kilombero.

Tuanze na kuku.

Mwaka 1961 Mwingereza aitwaye John Wilson alichapisha makala juu ya uwezo wa Waafrika wa kuelewa filamu. Alisimulia kisa cha filamu fupi ya afya, ya dakika kama tano, iliyoonyeshwa kwa wanakijiji wapatao thelathini. Ndani yake mfanyakazi wa usafi alionekana, kwa mwendo wa polepole sana, akiokota kopo lenye maji yaliyotuama, akiyamwaga na kuyafukia ardhini ili mbu wasizaliane. Onyesho lilipokwisha wanakijiji waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Waandaaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kwamba filamu yao ilikuwa na kuku. Walipoipitia picha kwa picha wakamkuta: kwa muda wa sekunde moja hivi kuku alikuwa amekatiza kwenye pembe ya picha. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan, mwanazuoni wa Kanada, alikichukua kisa hicho na kukiingiza katika kitabu chake cha *The Gutenberg Galaxy*, na tangu hapo kuku yule amezunguka vyuo vikuu vya dunia akiwa kielelezo cha watu wasiojua kusoma picha.

Mimi namsoma kuku huyo tofauti. Kwanza, watazamaji waliona kitu ambacho waandaaji, wenye mitambo na elimu yao yote, hawakukiona katika filamu waliyoitengeneza wenyewe. Sijui ni kwa mantiki gani aliyeona zaidi akaitwa kipofu. Pili, katika kaya ya mkulima kuku anayekurupuka ni habari: kuna kicheche, kuna mgeni, au kuna mwizi. Kopo la maji yaliyotuama si habari kwa mtu anayeishi katika bonde linalofurika kila masika. Tatu, na hili ndilo kubwa, waliulizwa wameona nini wakajibu kwa uaminifu. Hakuna aliyewauliza wanaionaje filamu yenyewe.

Kisa cha kuku hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilikuwa na ukoo wake, na sehemu ya ukoo huo iko katika ardhi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Vugiri, katika milima ya Usambara, palikuwa makao ya mradi uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani, ambao kwa Kiingereza uliitwa *Bantu Educational Kinema Experiment*. Meja L. A. Notcutt na mwenzake G. C. Latham walitengeneza pale filamu zipatazo 35: juu ya kodi, ngozi za mifugo, akiba ya posta, minyoo ya safura, na kijana wa shamba anayepotelea mjini. Lori lilizibeba filamu hizo likazunguka Afrika Mashariki hadi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Baadaye, kuanzia mwaka 1939, Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers kiliifanya dhana hiyo kuwa kanuni: filamu za Waafrika ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hadi mahali, zisiwe na ujanja wa kamera, kila tendo lionyeshwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakati huohuo bodi za udhibiti zilizipima filamu za kibiashara kwa swali la kama zinafaa kuonyeshwa kwa Waafrika. Mtazamaji alikuwa mtoto mara mbili: mzito wa kuelewa, na mwepesi wa kuharibika.

Wataalamu wa wakati ule walipenda pia kisa cha mbu. Mbu alikuzwa akajaza skrini nzima, na watazamaji, kama kisa kinavyosimuliwa, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho, kwa hiyo hawana haja ya kuhofu. Kimesimuliwa mara nyingi kuwa ni uthibitisho wa ujinga. Aliyewahi kulala Ifakara mwezi wa nne bila chandarua, kisha akakaa asubuhi na watu wa huko, ataisikia kauli hiyo kwa sikio jingine. Ni mzaha, tena mzaha mkavu wa mtu anayefundishwa juu ya mbu na mgeni aliyefika juzi.

Nimelitaja bonde kwa makusudi. Sehemu chache za Afrika zimechunguzwa na wataalamu wa malaria kama Kilombero. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi alianzisha maabara Ifakara, mahali ambapo wamisionari Wakapuchini walikuwa na hospitali. Maabara hiyo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Mapema miaka ya 1990 watoto wa Idete walikuwa katika majaribio ya chanjo ya SPf66, na katika nusu ya pili ya muongo huo mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Sibezi hata kimoja katika hayo. Yapo maisha yaliyookolewa, na baadhi ni ya jamaa zangu. Nasema tu kwamba mtu wa bonde amekaa kwa miongo mingi mbele ya watu wanaotaka kujua kama ameelewa. Hupimwa damu, huhesabiwa mbu chumbani mwake, na huulizwa maswali kutoka kwenye karatasi. Basi picha inayotembea, kila ilipomjia kutoka mikono ya serikali au mradi, ilimjia ikiwa na somo, na nyuma ya somo kulikuwa na mtihani.

Kilichotokea kati ya somo na mtihani ndicho ambacho nyaraka hazikukihifadhi vema. Gari la sinema lilipofika kijijini wakati wa ukoloni, filamu nyingi hazikuwa na sauti ya lugha ya wenyeji. Alisimama mtu na kipaza sauti, kwa kawaida Mwafrika, akaeleza picha kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Wakubwa walimhesabu kuwa mkalimani. Lakini mtu anayesimama gizani mbele ya umati, kati ya picha za mwingine na masikio ya watu wake, hawezi kubaki mkalimani kwa muda mrefu. Atachagua neno hili na kuliacha lile, atachomeka methali, watu wakicheka atarudia. Naamini, na hapa natoa maoni yangu, kwamba uhakiki wa filamu nchini mwetu ulianzia kwenye kipaza sauti hicho, mikononi mwa mtumishi wa chini wa idara.

Sitaki kuipita hapa kumbukumbu ya Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Vijana wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa mwaka 1962 na msaidizi mwaminifu wa Mwalimu; wachache wanajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, alikuwa nyota wa *Muhogo Mchungu*, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika kwa mkataba na kampuni ya Johannesburg. Filamu ile nayo ilikuwa na somo: mtu wa shamba na hatari za mji. Lakini watu walikwenda kumtazama mtu wa kwao akizungumza lugha yao juu ya skrini, na mwaka 1955 mtu huyohuyo akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imempa sura inayotambulika.

Uhuru ulibadilisha somo kuliko ulivyobadilisha darasa. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na sehemu yake ndefu inapita katika bonde: Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita, Mlimba, kisha inapanda milima kuelekea Makambako. Wazee waliofanya kazi katika kambi za Mang'ula na Mlimba wamenisimulia juu ya jioni za filamu za Kichina. Nilitarajia wanieleze juu ya mapinduzi. Walinieleza juu ya mpunga. Walikuwa wakulima wa mpunga, watoto wa wakulima wa mpunga, na walipoona mashamba ya Wachina juu ya shuka jeupe walibishana kuhusu nafasi kati ya shina na shina, kuhusu kimo cha maji, na kuhusu kama wale waliokuwa wakipandikiza walikuwa wakulima kweli au waigizaji waliovishwa nguo za wakulima. Mmoja wao alikuwa bado na hakika, baada ya karibu miaka hamsini, kwamba mwanamke wa mbele hakuwahi kushika jembe. Alijua kwa mgongo wake ulivyoinama. Sijapata kukutana na mhakiki aliyeutazama mwili wa mwigizaji kwa makini zaidi.

Kuna jambo la umeme ambalo siwezi kuliacha. Bwawa la Kidatu, kaskazini mwa bonde letu, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu kwenda Dar es Salaam, na vijiji vingi chini yake viliendelea kutumia vibatari. Ndiyo maana video ilipofika vijijini ilifika na jenereta. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na kabla ya hapo, na miaka mingi baada ya hapo, kilichoitwa sinema kwa kijana wa Kilombero kilikuwa deki moja, runinga moja, kanda zilizosafiri kwa treni au basi kutoka Dar es Salaam, na chumba kilichozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Kibanda umiza. Jina hilo ni uhakiki tosha: mabenchi yalikuwa ya mbao zisizopigwa randa, joto lilikuwa la tanuri, na ukichelewa ulitazama kupitia kwapa la mtu.

Huko, katikati ya miaka ya 1990, nikiwa mvulana wa sekondari, nilipata elimu ya nadharia ya sanaa ambayo shahada zangu zimeifafanua tu. Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa fupi: steringi hafi. Kila filamu ina steringi na ina adui. Steringi atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi. Kanuni hiyo ilitupa uwezo wa kutabiri, na aliyetabiri vizuri aliheshimiwa. Kwa *Commando* ya Arnold Schwarzenegger haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuja na *Sholay*.

Filamu hiyo ya Kihindi ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy, ilikuwa imeshazeeka ilipofika kwetu, na kanda yenyewe ilikuwa imechakaa hadi rangi zimefifia. Thakur, ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anawakodi wahalifu wawili, Veeru na Jai, wamkamatie jambazi huyo akiwa hai. Dharmendra ni Veeru, Amitabh Bachchan ni Jai. Na Jai anakufa. Anabaki nyuma peke yake akiwazuia maadui, kisha anakata roho mikononi mwa rafiki yake.

Ubishi uliozuka haukwisha siku hiyo wala wiki hiyo. Kundi moja lilisema: kwa kuwa steringi hafi, na Jai amekufa, basi Jai hakuwa steringi, alikuwa rafiki wa steringi, na sisi tulidanganywa na urefu wake. Kundi la pili lilisema kanuni imevunjika na lazima iandikwe upya. Fundi cherehani mmoja wa pale sokoni, ambaye alikuwa na umri wa baba zetu na hakukosa onyesho, alitoa hukumu ya tatu: steringi ni yule ambaye akiondoka filamu inabaki na shimo, awe hai au mfu. Wengine wakauliza, basi Gabbar naye ni steringi? Maana bila yeye hakuna filamu. Fundi alinyamaza, akasema atajibu kesho. Nimesoma baadaye vitabu vinene juu ya shujaa wa tanzia, kuanzia kwa Aristotle, na mara kwa mara nilihisi nimeketi tena kwenye benchi lile nikingoja jibu la kesho.

Lakini ubishi wa *Sholay* ninaoutaka hasa ni wa mwisho wake. Thakur asiye na mikono anampiga Gabbar kwa miguu, kwa viatu vyenye misumari, na akiwa anakaribia kummaliza polisi wanatokea na kumkumbusha kwamba adhabu ni kazi ya sheria. Kibanda kizima kilipiga kelele. Polisi hawa walikuwa wapi saa tatu zote? Walipitia wapi? Nani aliwaita? Wapo waliosema kwa hakika kwamba kipande kile kimebandikwa, kwamba mwenye hadithi hawezi kuijenga hivyo kisha akaibomoa kwa dakika mbili. Tuliwajibu kwamba wanajifanya wajuaji.

Nilikuwa nimekwisha kuanza kufundisha niliposoma habari za utengenezaji wa filamu hiyo. Katika mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar. India ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi Juni 1975, na bodi ya udhibiti haikutaka ofisa wa zamani wa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi. Ikadai mwisho ubadilishwe, na polisi wakaletwa. Toleo la awali lilikuja kuonekana baadaye. Kwa maneno mengine, vijana wa Ifakara wasiojua Kihindi, waliotazama kanda mbovu katika banda la magunia miaka ishirini baada ya tukio, waliugusa kwa kidole mshono uliowekwa na mkono wa dola. Hawakuwa na jina la Waziri Mkuu Indira Gandhi wala habari za bodi ya Bombay. Walikuwa na hisia ya hadithi, na walijua polisi huwa wanafika saa ngapi. Hapo ndipo ninapomkumbuka kuku.

Katika miaka iliyofuata kipaza sauti kilirudi, safari hii bila idara. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za Marekani, Hong Kong, India na Nigeria kwa kusimulia juu yake, na sauti yake ilisafiri kwenye kanda hadi mwisho wa reli. Alikuwa mfafanuzi, mchekeshaji na hakimu. Mhusika akifanya upumbavu, Lufufu alimwambia. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings, aliyemwandika kwa heshima inayostahili, alitumia katika anwani ya makala yake sitiari ya wali kugeuzwa kuwa pilau. Sisi wa bonde la mpunga hatuhitaji kuelezwa maana ya sitiari hiyo: wali ni uleule, lakini mpishi ameonekana. Kenya ina DJ Afro wake, na leo wapo wengine wengi. Wenye hakimiliki wana kesi halali dhidi ya biashara hiyo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo upande wao. Mwanahistoria ana kazi nyingine, ya kueleza kwa nini watu waliokuwa na filamu yenyewe walilipia filamu yenye maoni.

Sipendi kukipamba kibanda kupita kiasi. Wasichana hawakuwa huru kuingia, aliyeingia alisemwa. Usiku wa manane kilionyesha mambo ambayo mwenye kibanda alikana asubuhi. Wanafunzi walitoroka shule, na wazazi waliokuja na fimbo walikuwa na haki. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilitaka kibali kwa kila onyesho, lakini migambo wa mji walikuwa wakifunga vibanda kwa siku tatu na kuvifungua kwa sababu ambazo msomaji anaweza kuzikisia. Na ule ubishi wetu mtukufu ulikuwa ubishi wa wanaume. Nusu ya maoni ya bonde ilibaki nje ya magunia.

Nusu hiyo ilisikika filamu zetu wenyewe zilipoanza kuingia majumbani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hasa katika enzi ya Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012. Filamu ikawa jambo la sebuleni, na ubishi ukahamia kwa akina mama, mabinti na mashangazi. Niliitazama *Chumo*, filamu ya mwaka 2011 iliyotengenezwa kwa lengo la kufundisha juu ya malaria kwa wajawazito, nyumbani kwa shangazi yangu mtaa wa Viwanja Sitini, katika chumba chenye wanawake saba. Ni hadithi ya mapenzi ya pwani, na somo limefumwa ndani yake kwa ustadi kuliko filamu zote za Vugiri. Wanawake wale walilijua somo kabla halijasemwa. Wawili kati yao walikuwa wameshahudhuria kliniki zilizolifundisha. Walichokibishania hadi chai ikapoa ni baba wa binti. Je, baba anayemtakia mwanawe mume mwenye mali ni mbaya, au ni mtu anayejua njaa? Shangazi alimtetea kwa nguvu iliyonishangaza. Mtathmini wa mradi angeweza kurudi na ripoti kwamba walengwa hawakuzungumzia malaria. Ripoti ingekuwa sahihi, na ingekuwa kisa kingine cha kuku.

Haya si mambo ya kale tu. Nimehudhuria mikutano kadhaa ya vijiji bondeni ambako wataalamu huanza shughuli kwa video. Bonde la Kilombero ni eneo la ardhioevu lenye hadhi ya kimataifa ya Ramsar tangu mwaka 2002, ni eneo linalotamaniwa kwa kilimo kikubwa, na ni makazi ya wakulima na wafugaji ambao baadhi yao waliondolewa katika operesheni ya mwaka 2012. Kwa hiyo wageni wenye projekta ni wengi. Katika mkutano mmoja, wa mradi ambao sitautaja, tulionyeshwa picha zilizopigwa kutoka angani: mto, mabwawa, nyasi, sauti nzuri ya msimulizi. Mwishoni mtaalamu aliuliza kama tumeelewa. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba pale iliposemwa ni nyika isiyotumika, karibu na mti mkubwa uliopita upande wa kushoto, ni shamba la mpunga la ukoo wake ambalo mwaka ule lilikuwa limepumzishwa. Aliomba picha irudishwe nyuma. Mtaalamu, kwa adabu zote, alimwambia kwamba muda ni mdogo na kwamba maswali yahusu mada. Katika muhtasari ulioandikwa jioni ile ilisomeka kwamba wananchi walitoa maoni.

Picha haikurudishwa nyuma. Ninavyojua mimi, waandaaji wa filamu ya kuku walau waliirudisha.

Vibanda vilivyobaki Ifakara sasa vinaishi kwa mpira wa Uingereza. Filamu imeingia kwenye simu na flashi, kila mtu anatazama kwa saa yake, na ubishi umehamia kwenye vijiwe vya bodaboda pale Kibaoni, ambako dereva anayesubiri abiria anaweza kukupa hoja za dakika ishirini juu ya tamthilia ya Kikorea aliyoimaliza jana usiku. Huwa nashuka mapema ili nisikilize. Lakini wale waliosimama mbele ya gari la sinema katika miaka ya 1950 wamepita umri wa miaka themanini, na wale wa jioni za Mang'ula wanawafuata kwa karibu. Majina ya filamu yapo katika kumbukumbu za serikali na za miradi. Walichosema watu wakirudi nyumbani gizani, na tochi moja kwa watu kumi, kimo vichwani mwao tu.

Ndiyo maana nimewaomba wanafunzi wangu wachache wenye asili ya bonde watumie likizo ijayo kukaa na wazee wa Mang'ula, Mbingu, Chita na Mlimba, kila mmoja na daftari na kinasa sauti. Tulipokuwa tunaandaa dodoso, rasimu yangu ilianza kwa kuuliza ni filamu zipi mzee anazokumbuka kuziona. Mwanafunzi mmoja wa kike, mzaliwa wa Mlimba, alishauri swali hilo lishuke hadi la nne. La kwanza aliliandika yeye: ni filamu gani iliyowahi kuwafanya mbishane njia nzima mpaka nyumbani, na nani alishinda?